Keki ya Rangi ya Damu ya Mzee

Alhamisi, tarehe 13 Desemba 2018. Baridi kavu tangu alfajiri, mawingu mazito, na kufikia mchana theluji laini ikaanza kuanguka bila upepo, ikishuka wima kama unga unaochekechwa.

Noella Thibodeau aliiona kupitia dirisha la nyuma la duka lake la mikate, akiwa amelikumbatia bakuli la krimu. Krimu ilikuwa nyekundu, lakini bado haijakolea. Akaongeza rangi tone moja, akakoroga, akainua mwiko kuelekea mwanga. Hapo sasa. Damu ya mzee kamili. Hiyo ndiyo rangi ya Chuo cha Halden, na ukiikosea kidogo tu inakuwa rangi ya chuo kingine, na mzazi aliyeagiza anakutazama kama umemzulia uongo.

“Ya nani hiyo?” aliuliza Odile, mjane aliyekuwa akimsaidia dukani, mwanamke wa miaka sabini na ushee mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

“Ya Kezia, binti wa daktari wa meno. Mama yake kaagiza.”

“Mama yake kaagiza keki ya watu kumi. Krimu uliyokoroga hapo inatosha harusi.”

“Mkono umeteleza.”

“Mkono huo? Toka uko msichana haujateleza, uje uteleze leo siku ya majibu ya mwanao Remi?” Odile alifuta meza polepole, palepale palipokuwa pasafi. “Haya. Mimi sijaona kitu.”

Noella alizaliwa hapa hapa Dunmore Falls, katika jimbo la Maine, Marekani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, wakati kiwanda kilikuwa bado kinatoa moshi. Alianza kuosha trei katika duka hili akiwa na miaka kumi na sita. Alimaliza sekondari siku ya Ijumaa, na Jumatatu yake alikuwa mbele ya tanuri. Mwenye duka alipozeeka akamwuzia. Sasa ana miaka hamsini na miwili, na hajawahi kulala nje ya jimbo lake ila siku za fungate. Ukimwuliza kama alitamani kwenda mbali, atakuambia hapana, na ni kweli. Alichokuwa nacho badala ya tamaa ya kwenda ni tamaa ya kujua. Anataka kujua nani kahamia nyumba ya kona, kwa nini mhubiri kaacha kula sukari, kwa nini mwalimu wa hesabu hununua mikate miwili naye anaishi peke yake. Duka la mikate ni mahali pazuri kwa mtu wa namna hiyo. Watu huja wenyewe, na hawaondoki bila kuacha neno.

Na hakuna kilichomchokonoa roho kama keki za Desemba.

Zilianza miaka kadhaa nyuma. Mama mmoja alinong'ona kwenye simu kwamba binti yake anasubiri majibu ya chuo, na je, ataweza kupata keki yenye rangi za chuo hicho, kimyakimya, bila binti kujua? Mwaka uliofuata wakanong'ona watatu. Sasa imekuwa desturi ya mji. Noella akajiwekea utaratibu: rangi atapaka mapema, lakini jina la mtoto haliandikwi mpaka mzazi apige simu baada ya majibu. Akichukuliwa, jina linaandikwa. Akikataliwa, Noella huifunika keki yote kwa chokoleti, na inakuwa keki kama keki nyingine. Mwenye nayo akitaka ataichukua. Mara nyingi hataki.

Kwa hiyo Noella alikuwa akiyajua majibu ya mji mzima kabla ya mwalimu mkuu. Waliochukuliwa walikuja kundi zima, shangazi na mbwa. Kwa waliokataliwa alikuja baba peke yake, anauliza bei ya mkate wa shayiri ambao hajawahi kuununua. Na keki zilizoachwa zilikwenda nyumbani kwa Noella. Remi alikua akizila. Ukikata chokoleti ile, ndani unakuta bluu, au kijani na dhahabu, rangi za mahali ambapo mtoto wa mtu hataenda. Remi alikuwa na desturi ya kuuliza, kijiko kikiwa mkononi, “Leo tunakula nani?”

Ndiyo maana mwezi wa kumi na moja, alipomaliza kupeleka maombi yake, alimwambia mama yake jambo moja tu.

“Mama, mimi usinipikie keki.”

“Kwa nini?”

“Sitaki kuja kujila.”

Noella akaahidi.

Kulikuwa na mengine aliyotaka kuyajua, wala hakuyapata. Ombi lenyewe lilikuwa la mapema, lile la kujifunga. Unachagua chuo kimoja tu, na wakikuchukua huna ruhusa ya kuchungulia kwingine. Mzazi naye anatia sahihi. Remi alimletea kompyuta pale mezani, akamwonyesha mahali pa kuandika jina.

“Yaani kama ndoa,” alisema Noella.

“Kama ndoa.”

“Na bibi harusi unamjua?”

“Mwezi uliopita nililala kwao siku mbili, mama. Umesahau?”

“Sijasahau. Nauliza ana nini huyo cha kukufunga hivi. Safari ya siku nzima kwa gari! Vyuo vimejaa hapa karibu.”

Remi akainua bega moja, akashusha. “Utajua nikienda.”

Noella akatia sahihi. Tangu siku hiyo alikuwa akilitafuna swali lile kama mtu mwenye uzi katikati ya meno. Halden kuna nini? Aliingia kwenye ukurasa wao, akaona majengo ya matofali na vijana wanaocheka kwenye nyasi. Akasikia na wimbo wao, tarumbeta na ngoma kubwa. Nyasi hata hapa zipo. Si nyasi alizofuata.

Mama yake Kezia ndiye aliyemtia hamu zaidi, siku aliyokuja kuagiza. Kezia na Remi walikuwa darasa moja, wote wawili wameomba Halden.

“Shoga, nikupe siri,” alisema yule mama, ameinama juu ya kabati la kioo. “Huna haja ya kumwuliza mtoto. Ukurasa ukifunguka na jibu ni ndiyo, wimbo wa chuo unapiga wenyewe. Jibu likiwa hapana, kimya. Wewe kaa tu chini, tega sikio.”

“Wimbo unapiga wenyewe?”

“Kwa nguvu! Binti wa dada yangu walimsikia mpaka bafuni.”

Noella aliliweka neno hilo mahali salama.

Basi jioni ile, duka lilipofungwa, krimu iliyozidi ikapata kazi. Noella alijiambia kwamba kuitupa ni dhambi. Tabaka mbili ndogo za keki zilikuwepo tayari, zilikuwepo tu, na haikumchukua muda. Akaipaka damu ya mzee kuzunguka na nyeupe juu, bila jina. Akaipeleka nyumbani na kuificha gereji, juu ya matairi ya gari yanayongoja kiangazi, imefunikwa kwa ndoo iliyogeuzwa.

Ikikaribia saa moja Normand, mumewe, alisimamisha lori la halmashauri la kusukuma theluji mbele ya nyumba, akaingia kunywa kahawa akiwa na viatu vyake vyenye barafu. Ni mtu mkubwa, wa sauti ndogo.

“Yuko wapi?”

“Juu. Kafunga mlango.”

“Kala?”

“Kakoroga supu. Sijui kama amekula.”

Walikaa. Saa ya ukutani ilifika saa moja, saa ya majibu, ikapita. Noella alizima jiko ili supu isichemke, kisha akazima na redio. Normand alipotaka kuvuta kiti, akamshika mkono.

“Unasikiliza nini?”

“Nyamaza.”

Juu palikuwa kimya. Kimya ni hapana, alisema yule mama. Lakini kimya cha muda gani? Labda mtandao ni mzito, watoto wa nchi nzima wanabonyeza mahali pamoja. Labda bado anaogopa kubonyeza. Labda amekwisha bonyeza, na sasa amekaa anatazama ukuta, na mama yake yuko chini anahesabu labda.

Ndipo dari likapiga tarumbeta.

Ngoma kubwa zikafuata, ule ule wimbo, hakuna kosa, kwa nguvu hasa. Noella aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

“Kachukuliwa! Norm, kachukuliwa! Huo wimbo wao!”

“Umejuaje?”

“Unapiga wenyewe! Toka, toka, wape habari!”

Normand, ambaye maishani mwake hakuwahi kupiga kelele hata timu yake ikishinda, alitoka mbio akiacha mlango wazi, akapanda lorini, akaikandamiza honi bila kuiachia. Honi ya lori la theluji imetengenezwa imwamshe mtu aliyelala kwenye gari lililofukiwa. Barabara nzima iliwasha taa. Noella alikuwa amekwisha fika gereji, ndoo imetupwa huko, keki mikononi. Aliporudi jikoni aliikuta theluji inaingia mlangoni, na mzee Cyr wa nyumba ya pili amesimama kwenye kibaraza chake na kofia ya kulalia.

“Nani kafa?” alipaza sauti mzee Cyr.

“Remi kachukuliwa chuo!”

“Mungu mkubwa! Chuo gani?”

Noella alikuwa akijibu aliposikia ngazi. Remi alishuka taratibu, soksi tupu, simu mkononi. Aliuona mlango wazi. Akaona taa za majirani. Akaiona keki.

“Mama,” alisema. “Ule wimbo ni wa Kezia.”

“Wa Kezia vipi?”

“Kezia kajirekodi anafungua majibu. Kachukuliwa. Kanitumia, na mimi nikabonyeza nitazame, kwa sababu ukurasa wangu ulikuwa haufunguki.” Honi bado ilikuwa inalia nje. “Ulifunguka baba alipoanza honi.”

Noella aliiweka keki mezani.

“Hawajanikataa,” alisema Remi. “Wameniahirisha.”

“Maana yake?”

“Hawajasema ndiyo, hawajasema hapana. Watanitazama tena pamoja na wale watakaoomba baadaye. Jibu mwisho wa Machi.”

Honi ikakatika. Normand alirudi mlangoni, uso mwekundu kwa furaha na baridi, akawatazama wawili wale, na furaha ikamwondoka kidogo kidogo, kama taa ya jukwaani inayoshushwa. Kule nje mzee Cyr alikuwa hajapata jibu lake.

“Chuo gani, nimeuliza!”

Normand akageuka ili aende kumweleza, lakini Remi akampita. Akatoka mpaka kwenye kibaraza na soksi zake, theluji ikimtua nyweleni.

“Bado, mzee Cyr! Honi imetangulia! Wameniahirisha!”

“Ndiyo nini hiyo?”

“Hata mimi ndiyo kwanza najifunza!”

Mzee alifikiri. “Basi rudi ndani, utaganda kabla hawajaamua!”

Mtu fulani ng'ambo ya barabara alicheka, si kwa ubaya, na taa zikaanza kuzimwa moja moja. Remi alirudi, akafunga mlango, akakaa mezani mbele ya keki.

“Uliahidi,” alisema Remi.

“Niliahidi.”

“Ulisema hutanipikia.”

“Krimu ilibaki.”

“Mama.”

“Haikubaki,” alisema Noella. “Niliikoroga nyingi makusudi. Odile shahidi.” Akainuka, akafungua kabati. “Chokoleti ninayo hapa. Dakika moja tu. Naifunika, hutaiona.”

“Usiifunike.”

“Remi…”

“Za chokoleti ni za waliokataliwa. Mimi nimekataliwa?”

Noella alisimama na sufuria mkononi. Kwa miaka yote aliyotengeneza keki hizi alikuwa na jambo la kufanya kwa ndiyo, na jambo la kufanya kwa hapana. Hakuwa na lolote kwa jibu hili. Alimtazama mumewe kama vile anaweza kuwa nalo. Normand alikuwa anakwangua barafu kwenye kiatu kwa ukucha.

“Basi na keki iahirishwe,” alisema Normand.

Walimtazama.

“Itiwe friza. Mpaka Machi.” Alisema kwa uzito, kama mtu anayetoa ripoti ya barabara. “Jibu likija, tutaitoa. Tutaandika jina au tutapaka chokoleti.”

Remi alianza kucheka, akaacha, kisha uso ukamkunjamana, na kwa muda alilia kweli, kilio kifupi kikavu, kichwa juu ya mikono. Noella aliweka kiganja mgongoni mwake, akakiacha hapo. Normand aliibeba keki kwa mikono miwili, akasogeza nyama ya paa na mifuko ya matunda kwenye friza, akaipatia nafasi. Halafu akasema theluji haimngoji mtu, akambusu mwanawe utosini, akatoka. Lori liliondoka bila honi.

Wakabaki wawili. Noella alipasha supu, na safari hii Remi alikula. Akamweleza kwamba itabidi apeleke maombi kwingine kabla ya mwaka mpya, vyuo vingi, kwa kuwa sasa hajafungwa tena. Na Halden aliruhusiwa kuwaandikia mara moja zaidi, kuwaambia jambo jipya.

“Waambie una mama mwongo,” alisema Noella.

“Hilo si jipya.”

Noella alicheka. Na kwa kuwa alikuwa amecheka, akathubutu. “Sasa niambie. Halden kuna nini?”

Remi aligeuza kijiko ndani ya bakuli. “Utacheka.”

“Sicheki.”

“Kuna mwalimu pale, Bi Strand. Anasikiliza barafu.”

“Anasikiliza nini?”

“Barafu, mama. Anazika vinasa sauti kwenye barafu ya ziwa, msimu mzima. Inalia. Ikiongezeka unene inalia hivi, ikidhoofika inalia vingine. Anasema siku moja ataweza kujua kwa mlio tu kama watu wapite juu yake au wasipite. Nilipokwenda alinivisha vile vya masikioni, nikasikia barafu ya mwaka jana. Nilisahau kwenda kula.”

Noella alikuwa anakumbuka kitu. Mtoto wa miaka saba, tumbo chini juu ya bwawa la kiwanda nyuma ya duka, kofia imevuliwa, sikio limegandamizwa kwenye barafu. Kila majira ya baridi. Na yeye mlangoni mwa duka, mikono ina unga, akipaza sauti.

“Kumbe ndicho ulichokuwa ukifanya pale.”

“Ulikuwa unaniambia nitapata kichomi.”

“Nilidhani unacheza kufa.”

“Hata siku moja hukuuliza.”

Hilo lilimwingia. Yeye aliyetaka kujua kwa nini mwalimu wa hesabu hununua mikate miwili.

“Inasemaje?” aliuliza. “Ile barafu.”

Remi alijaribu kuutoa mlio kwa mdomo, akashindwa, akajaribu kwa kukwaruza ukingo wa bakuli kwa kijiko, akashindwa tena. “Haielezeki,” alisema. “Lazima uiname.”

Asubuhi ya Ijumaa theluji ilikuwa imeacha, anga safi, baridi kali kuliko jana. Mikate ya kwanza ilipotoka tanurini Noella alichukua krimu nyeupe, akaandika KEZIA juu ya keki ya damu ya mzee, kwa mkono usioteleza, akachora na nyota ndogo ambayo haikuwa imeagizwa. Mama yake Kezia alikuwa amekwisha piga simu mara mbili, na mara ya pili hakuongelea keki. Aliuliza tu Remi yukoje. Yuko njiani kwenda shule, Noella alimjibu. Kaondoka mapema, anataka kompyuta ya maktaba.

Kisha alivaa koti juu ya aproni.

“Shika duka,” alimwambia Odile.

“Saa hizi? Watu wanakuja!”

“Narudi.”

Alitoka mlango wa nyuma, akateremka kilima kifupi mpaka bwawa la kiwanda cha zamani. Barafu ilikuwa imeshika, nyeusi chini ya theluji mpya. Hakwenda ndani. Ukingoni tu, penye mawe, alipiga magoti, akafagia theluji kwa mkono, akavua kofia, akaweka sikio.

Mwanzo alisikia damu yake mwenyewe. Sikio liliuma, kisha likaacha kuuma. Akashusha pumzi, akangoja. Kutoka mbali, chini ya bwawa lote, ukapita mlio mrefu mwembamba, ukashuka, ukaisha, kama mtu aliyevuta waya na kuuachia.

“Noella!” Odile alikuwa mlangoni mwa duka, mikono kiunoni. “Umepoteza nini huko?”

Noella hakuinua kichwa. Alimwinulia mkono mmoja anyamaze, akaendelea kusikiliza.